Fizi zinazotoka damu na ugonjwa wa kusahau: namna ya kutunza kinywa kabla na baada ya kumbukumbu kuyumba

Damu kwenye mswaki si jambo la kawaida, hata kama nyumba nzima imeizoea. Ufizi mzima hautoki damu kwa kuguswa na burashi laini, kama ambavyo kiganja hakitoki damu kwa kunawa. Ukitoka damu, ujue umevimba. Uvimbe huo ukikaa miaka kumi au ishirini, madhara yake hayaishii kinywani: unavuruga sukari ya mwenye kisukari, unahusishwa na magonjwa ya moyo, na sasa watafiti wanauhusisha na ugonjwa wa kusahau uzeeni, ambao madaktari huuita demensia.

Mwongozo huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ana miaka arobaini au hamsini, kumbukumbu zake ziko sawa, ila fizi zinatoka damu. Wa pili anamtunza mzazi ambaye tayari ameanza kusahau kama amekula au hajala. Kazi ya huyu wa pili ni ngumu zaidi, na ndiye tutakayekaa naye muda mrefu.

Kinachojulikana kuhusu fizi na ubongo

Mwaka 2019 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliokuta vimeng'enya (protini zinazovunjavunja vitu vingine) vya bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis ndani ya ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzheimer, aina ya demensia iliyo ya kawaida kuliko zote. Bakteria huyu ni mkazi wa mifuko michafu ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi. Panya walioambukizwa kupitia kinywa, bakteria hao walifika hadi kwenye ubongo wao.

Njia zinazofikiriwa ni mbili. Ya kwanza, ukuta wa ndani wa ufizi ulioumwa ni kama kidonda kilicho wazi, hivyo kila unapotafuna, bakteria na sumu zao hupenya kwenye damu. Ya pili, kinga ya mwili inayopigana na bakteria hao humwaga kemikali kwenye damu, na kemikali hizo huziamsha seli za ulinzi za ubongo zikaanza kudhuru kile zilichopaswa kukilinda.

Kumbukumbu za bima ya afya za Taiwan, zilizochambuliwa mwaka 2017, zilionyesha kuwa watu walioishi na ugonjwa wa fizi kwa miaka 10 au zaidi walipata Alzheimer mara 1.7 ikilinganishwa na wasiokuwa nao. Nchini Marekani, utafiti uliofuatilia watu 4,559 kwa takriban miaka 18 ulikuta ongezeko dogo zaidi la demensia, kama asilimia 20, kwa wenye ugonjwa mkali wa fizi, na pia kwa waliobaki bila jino hata moja. Hilo la pili lishike vizuri: kung'oa meno yote si kinga ya ubongo.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji hawausemi. Dawa iliyotengenezwa kuzima vimeng'enya vya bakteria huyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 643, na matokeo yaliyotolewa Oktoba 2021 yalionyesha haikupunguza kasi ya kusahau katika kundi zima. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipoorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza demensia, ugonjwa wa fizi haukuwamo. Kisha kuna swali la kipi kilitangulia. Alzheimer huanza kuuharibu ubongo miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, na mtu anayeanza kusahau huanza pia kuruka mswaki. Huenda baadhi ya fizi mbovu ni matokeo ya ugonjwa, si chanzo chake.

Kwa hiyo, anayekuuzia maji ya kusukutua "yanayozuia demensia" anakudanganya. Sababu za kutunza fizi ziko nyingi na za uhakika: kubaki na meno ya kutafunia, kushusha sukari, kuepuka maumivu na majipu, na uzeeni kuepuka nimonia. Ubongo ukifaidika pia, ni nyongeza njema. Orodha ile ya 14 ina presha, kisukari, sigara, kutosikia vizuri na kutofanya mazoezi; anayesafisha fizi huku presha yake haijapimwa miaka mitano ameanza mahali pasipo pazito.

Jikague mbele ya kioo

Chukua tochi ya simu, nawa mikono, vuta mdomo wa juu kisha wa chini. Ufizi mzima umekaza, na kati ya jino na jino una ncha kali. Kwa mtu mweusi rangi ya kahawia au nyeusi kwenye ufizi ni ya asili, kwa hiyo usitafute "ufizi wa waridi" kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Tafuta wekundu ulio tofauti na rangi yako ya kawaida, ung'aro wa uvimbe, ncha zilizofura, usaha ukibonyeza kwa kidole, meno yaliyorefuka kwa sababu ufizi umerudi nyuma, jino linalotikisika, au harufu inayorudi saa moja baada ya mswaki.

Mvutaji sigara asijiamini kwa kuwa haoni damu. Nikotini hubana mishipa midogo, fizi hazitoki damu, na ugonjwa unakula mfupa unaoshikilia meno kimyakimya.

Kwa daktari wa kinywa na meno

Utando laini unaokaa juu ya jino bila kuondolewa hushika chumvi za mate na kuwa ukoga mgumu ndani ya siku chache. Mswaki hauwezi kuutoa. Chumvi, ndimu, magadi, mkaa na mchanga haviwezi pia. Vinachofanya ni kulisugua jino lenyewe. Hili tunalisema hasa kwa watu wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yana madini mengi ya floraidi: rangi ya kahawia iliyo kwenye meno ya wengi huko iliingia ndani ya jino wakati linaumbwa utotoni, si uchafu, na kusugua hakuiondoi. Wala dawa ya meno yenye floraidi haitaiongeza kwa mtu mzima, kwa kuwa meno yake yalishamaliza kuumbwa.

Daktari atapima kina cha mfuko kati ya jino na ufizi kwa kifimbo chembamba chenye alama za milimita. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4, ukiwa na damu, ni tatizo, na kuanzia 6 mfupa kwa kawaida umeshaliwa. Mwombe akutajie namba hizo na uziandike, maana bila namba hutajua baada ya miezi mitatu kama umepona.

Ukoga wa juu huondolewa kwa mashine ya mtetemo yenye maji. Ule wa chini ya ufizi huhitaji sindano ya ganzi na vifaa vya mkono, na mara nyingi kazi hugawanywa kwenye ziara mbili hadi nne. Baada ya hapo meno huhisi baridi kwa wiki moja au mbili, na nafasi huonekana kati yake. Hapa ndipo ilipozaliwa imani kwamba kusafisha hospitali hulegeza meno. Nafasi zilikuwapo, ila ukoga ulizijaza na uvimbe ukazifunika. Meno yaliyokuwa yameshikiliwa na ukoga yalikuwa yamelegea tayari.

Rudi upimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu, kisha kila miezi mitatu hadi sita kwa aliyewahi kuumwa. Mwenye kisukari ana faida ya ziada: tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha tiba ya fizi hushusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4, kiasi ambacho si kidogo. Na usinunue antibiotiki duka la dawa kwa ajili ya fizi. Haziingii ndani ya ukoga. Uvimbe utapoa kwa siku kumi kisha utarudi.

Mswaki wa kila siku, hatua kwa hatua

Nunua mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo. Ule mgumu unaopendwa kwa kuwa "unasafisha kweli" huukata ufizi na kuchimba shingo ya jino. Dawa ya meno iwe na floraidi kati ya 1,350 na 1,500 ppm. Namba hiyo huandikwa nyuma ya boksi.

1. Anza na katikati ya meno, usiku, kabla ya mswaki. Penye nafasi tumia kiburashi chembamba cha waya kinachopita kwa kubanwa kidogo bila kulazimishwa. Huenda ukahitaji saizi mbili. Penye msongamano tumia uzi wa meno wa urefu wa sentimita 45 hivi, uuzungushie jino kama herufi C na kupandisha na kushusha. Ukiupitisha kwa kishindo utaukata ufizi.

2. Weka dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Povu jingi halisafishi; linakufanya uteme mapema.

3. Laza mswaki kwa pembe ya nyuzi 45, nywele zikielekea mahali jino linapokutana na ufizi, nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi.

4. Tikisa papo hapo kwa mwendo mfupi, mara kumi hivi, bila kukandamiza. Kisha sogea meno mawili mbele. Nywele za mswaki zikipinda kwa nje kabla ya miezi mitatu, unakandamiza mno.

5. Fuata mpango mmoja kila siku: nje kulia hadi kushoto, rudi kwa ndani, kisha sehemu za kutafunia. Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ndani ya meno ya mbele ya chini, karibu na ulimi, nayo ndiyo inayojaza ukoga haraka. Simamisha mswaki wima hapo.

6. Dakika mbili kamili. Tema, usisuuze kwa maji, ili floraidi ibaki.

Siku za kwanza damu itatoka, pengine zaidi ya zamani. Wengi huacha hapo wakidhani wamejiumiza, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mambo ya fizi. Endelea. Ndani ya wiki moja hadi mbili damu hupungua. Isipopungua, kuna ukoga mgumu chini au kuna ugonjwa mwingine, na ni zamu ya daktari.

Msuaki wa mti, uliozoeleka pwani yote na Uarabuni, unafaa kweli ukitumiwa vizuri. Menya ganda sentimita moja, tafuna hadi nyuzi zifunguke, piga kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, na kata ncha hiyo kila siku. Udhaifu wake ni kwamba haufiki vizuri nyuma ya magego wala ndani ya meno, na wengi husugua kwa kulalia upande, mwendo unaorudisha ufizi nyuma. Ukiutumia, malizia na dawa yenye floraidi.

Maji ya kusukutua ya klorheksidini asilimia 0.2 (mililita 10, dakika moja, asubuhi na jioni) ni dawa ya muda, wiki mbili hadi nne. Zaidi ya hapo yanatia meno kahawia na kuharibu ladha. Yatumie nusu saa mbali na dawa ya meno, kwa kuwa sabuni iliyomo kwenye dawa ya meno huyapunguza nguvu.

Angalia mfuko wa dawa

Amlodipini na nifedipini za presha, na fenitoini ya kifafa, huweza kukuza fizi hadi zikafunika meno. Amitriptilini, dawa za mkojo kama oksibutinini, na hata piritoni ya mafua hukausha mate, na kinywa kikavu huoza upesi. Hizi tatu za mwisho zina ubaya mwingine: kwa mzee huweza kuongeza kuchanganyikiwa. Usimwachishe mtu dawa kwa uamuzi wako. Beba zote kwenye mfuko mmoja, mwekee daktari mezani, uliza ipi inaweza kubadilishwa.

Mzee aliyeanza kusahau

Utafiti wa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Si uchawi, si laana, wala si uzee tu. Na katika nyumba nyingi kinywa ndicho kinachoachwa kwanza, kwa sababu mzee anasema "nimeshapiga mswaki" na heshima inamzuia mtoto kubisha.

Usibishe, kwa kweli. Gusa nywele za mswaki: zikiwa kavu, jibu unalo. Kisha mwambie, "Bibi, njoo tupige mswaki pamoja." Mwanzoni mwa ugonjwa mzee anaweza mwenyewe akikumbushwa. Mwekee mswaki tayari una dawa, mmoja tu, mahali palepale, saa ileile, na ondoa krimu na sabuni zinazofanana na dawa ya meno. Vidole vikiwa dhaifu, nenepesha mpini kwa kuuvika mpira wa mpini wa baiskeli au kuuzungushia kitambaa na kukifunga kwa raba.

Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja. "Fungua mdomo." Subiri. "Shika mswaki." Subiri tena, hata sekunde kumi. Mlolongo wa maagizo ndio unaomkasirisha, na mkaidi si yeye. Piga mswaki wako mbele yake ili akuige.

Atakapohitaji kufanyiwa, fuata utaratibu huu:

1. Chagua saa anayokuwa mtulivu, kwa wengi ni asubuhi baada ya chai. Jioni jua linapozama wengi huchanganyikiwa zaidi. Mara moja kwa utulivu ni bora kuliko mara mbili kwa ugomvi.

2. Mketishe wima kwenye kiti chenye mgongo, kidevu kikielekea chini kidogo, taulo kifuani. Kamwe usimpigie mswaki amelala chali, mate na dawa vitaingia kwenye mapafu. Asiyeweza kukaa, mlaze ubavu.

3. Simama ubavuni pake, nyuma kidogo, na kukitegemeza kichwa chake kwenye kifua chako kwa upole. Ukisimama mbele yake na kifaa mkononi anaona shambulio. Kioo nacho huwatisha baadhi, wakimwona mtu wasiyemjua, kifunike.

4. Anza kwa kumgusa mkono, kisha bega, kisha shavu. Mpe mswaki wa pili aushike. Mara nyingi mkono wake utaanza mwendo wenyewe na wewe utaufuatisha kwa mkono wako juu ya wake.

5. Ingiza kidole cha shahada ndani ya shavu, upande wa nje wa meno, ulivute shavu taratibu. Usiweke kidole kati ya meno ya juu na ya chini hata akiwa mpole namna gani. Kuuma kunaweza kuja bila yeye kukusudia.

6. Tumia dawa ya meno kidogo sana, mpako tu, ya aina isiyotoa povu kama ipo. Anayepaliwa na maji afanyiwe kwa mswaki uliokung'utwa, na mate yafutwe kwa kitambaa safi.

7. Kagua mashavu na chini ya ulimi. Ugali na wali hubaki humo kwa saa nyingi, naye hajui.

Akikataa, acha. Rudi baada ya robo saa, au mpishe mwingine: mjukuu hufaulu pale mtoto aliposhindwa. Mzee aliyekulia pwani na kukataa mswaki wa plastiki anaweza kuupokea msuaki wa mti bila neno, kwa kuwa mazoea ya mikono hudumu kuliko kumbukumbu za maneno. Kaa naye wakati huo, na usimpe tena pindi anapoanza kumeza nyuzi.

Akikataa ghafla baada ya kukubali miezi mingi, fikiria maumivu kwanza. Hawezi kusema "gego linauma". Atashika shavu, ataacha vyakula vigumu, atatokwa na mate, atapiga kelele usiku au atampiga anayemlisha. Wengi hupewa dawa za usingizi kwa tabia ambayo chanzo chake ni jipu la jino.

Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, wakati bado anaweza kukaa kwenye kiti na kufungua mdomo. Mwambie daktari aamue sasa hatima ya meno yaliyolegea. Mwaka mmoja baadaye kazi hiyohiyo inaweza kuhitaji usingizi kamili.

Faida ya kazi hii ilipimwa. Katika nyumba za wazee nchini Japani, waliosafishwa vinywa kila baada ya mlo walipata nimonia asilimia 11, dhidi ya 19 kwa wengine, katika miaka miwili. Nimonia ndiyo inayowaua wengi wenye demensia.

Meno ya bandia

Yatoke usiku, kila usiku. Yasafishe kwa burashi na sabuni ya maji ya vyombo juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno huyakwaruza na maji ya moto huyapinda. Yalaze ndani ya maji safi. Futa fizi, kaakaa na ulimi kwa kitambaa laini chenye unyevu, maana asiye na meno bado ana kinywa cha kusafishwa. Andikisha jina lake kwenye meno hayo kwa fundi wa meno. Wagonjwa wa kusahau huyafunga kwenye leso na kuyatupa.

Usisubiri kesho

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo akiwa na uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa pamoja na shavu kufura, kushindwa kumeza mate au kufungua mdomo, au damu isiyokoma baada ya kubana kwa pamba dakika 20. Nenda pia iwapo mzee amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache. Demensia huja polepole kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni maambukizi, ya mkojo, ya mapafu au ya jino, na yakitibiwa mapema akili yake inaweza kurudi pale ilipokuwa wiki iliyopita.